Pawabenki Inapougomea Mradi: Dalili, Vyanzo na Tiba

Mradi wa elektroniki uliofanya kazi siku nzima ukiwa umechomekwa kwenye kompyuta unaweza kufa ndani ya nusu dakika ukihamishiwa kwenye pawabenki. Cha kwanza kushukiwa huwa ni programu, cha pili bodi (ubao mdogo unaoendesha mradi, kama Arduino, ESP32 au Raspberry Pi). Pawabenki yenyewe haishukiwi, kwa kuwa taa zake zinaonyesha imejaa. Kumbe mara nyingi ndiyo iliyozima, na haikuharibika: imefanya kile ilichoundiwa. Iliundwa kuchaji simu. Ndani yake kuna saketi inayopima mkondo unaotoka na kuamua lini itoe umeme na lini iufunge, na maamuzi hayo yote yanachukulia kwamba upande wa pili kuna kifaa chenye betri yake. Mradi wako hauna betri. Umeme ukikatika kwa sehemu ya sekunde simu haina habari, lakini bodi yako inaanza upya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mstari wowote wa programu, tafuta nani aliyezima. Tazama taa mbili kwa pamoja: ya umeme iliyo kwenye bodi, na zile za pawabenki. Zote zikizimika, pawabenki imefunga tundu lake kwa makusudi. Ya bodi ikizimika huku za pawabenki zinaendelea kuwaka, tatizo liko njiani: kebo, soketi, au ulinzi dhidi ya mkondo uliozidi. Ya bodi ikibaki inawaka lakini kazi imesimama au inaanza upya kila mara, umeme unafika ila hautoshi, na hapo ndipo hata programu inastahili kuhojiwa. (Tahadhari ndogo: pawabenki nyingi huzima taa zao baada ya muda ili kuokoa chaji ingawa tundu bado liko wazi. Ijue yako kwanza kwa kuchaji simu.)

Kifaa kinachosaidia kuliko vyote ni mita ndogo ya USB inayokaa kati ya pawabenki na kebo, ikionyesha volti, ampea na mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji) zilizopita. Ina mipaka yake. Nyingi husoma kwa hatua ya miliampea 10, hivyo mradi uliolala (uliozima karibu kila kitu ili kuokoa chaji) huonekana sifuri tupu. Tena mita yenyewe hula umeme kidogo, kiasi kwamba mradi uliokuwa ukikatwa unaweza kupona mita ikiwepo na kuugua tena mita ikitolewa. Kwa mikondo midogo tumia multimita, ila kumbuka kwamba kwenye kipimo cha mikroampea multimita huweka ukinzani wake njiani. Bodi ikiamka ghafla kutuma data, volti zinashuka na bodi inajizima kwa kosa la kipimo. Pima mikondo mitatu: wa kazi ya kawaida, wa kilele, na wa usingizi. Karibu yote yanayofuata yanasimama juu ya namba hizo tatu.

Inazima kila mara baada ya muda uleule

Hiki ndicho kisa cha kawaida kuliko vyote. Unawasha, mradi unafanya kazi vizuri, sekunde 30 zinapita, giza. Unabonyeza kitufe, unafufuka, sekunde 30, giza tena. Muda unaojirudia bila kubadilika ni alama ya saketi ya kujizima. Pawabenki ikiona mkondo uko chini ya kiwango fulani, inahitimisha kwamba simu imejaa au imechomolewa, inasubiri kidogo, kisha inafunga. Ni mlinzi aliyeagizwa afunge geti asipoona anayepita, na macho yake hayaoni mtu mwembamba. Kiwango hicho mara nyingi kiko kati ya miliampea 50 na 100, na muda wa kusubiri huanzia sekunde chache hadi dakika moja au zaidi. Kwenye boksi hutavikuta vimeandikwa. Tundu la USB la kompyuta halina tabia hii, ndiyo maana hukuona dalili yoyote ulipokuwa mezani.

Sasa linganisha na namba zako. Arduino Uno isiyobeba chochote hutumia karibu miliampea 50, yaani inakaa mpakani kabisa: pawabenki moja inaikubali, nyingine inaikata, na mwenye mradi anabaki akiamini kwamba ya pili ni mbovu. ESP32 iliyounganishwa kwenye Wi-Fi muda wote huponea chupuchupu, kwa sababu kila ikituma data mkondo hupanda. Ukiilaza usingizi mzito, chipu inashuka hadi mikroampea chache, na hapo hakuna pawabenki yenye saketi ya kujizima itakayoivumilia. Kinaya chake ni kwamba kadiri ulivyojitahidi kubana matumizi ndivyo unavyokatwa mapema.

Kuthibitisha ni rahisi. Unganisha rezista ya omu 47, ya wati 1, kati ya pini za 5V na GND (upande hasi wa umeme). Kwa volti 5 itavuta takriban miliampea 106. Mradi ukiacha kuzimika, umepata jibu. Ukiwa huna rezista, chomeka simu yenye chaji kidogo kwenye tundu la pili la pawabenki hiyohiyo. Baadhi hupima jumla ya matundu yote, hivyo simu inaulinda mradi. Ila jaribio hili halithibitishi kinyume chake, maana nyingine hupima kila tundu peke yake.

Tiba ya kwanza haigharimu kitu: tafuta kama pawabenki yako ina hali ya mkondo mdogo, ile iliyowekwa kwa ajili ya saa za mkononi na spika za masikioni. Kwa kawaida huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia kwa sekunde mbili tatu, na taa moja hubadilika rangi. Ni nzuri kwa maonyesho ya mchana mmoja. Kwa mradi wa kuachwa peke yake usiitegemee kabla ya kuijaribu, kwa sababu kuna zinazojitoa zenyewe kwenye hali hiyo baada ya saa chache, na hakuna wa kuja kubonyeza tena.

Tiba ya pili ni ile rezista ya omu 47 kuiacha palepale. Inafanya kazi, na ni upotevu mtupu. Pawabenki ya mAh 10000 inayotoa kama mAh 6300 kwenye volti 5 (hesabu yake iko chini) itamalizwa na rezista hiyo peke yake ndani ya saa 60 hivi. Kwa mradi wa saa tano, haina shida. Kwa kihisi kinachotakiwa kukaa mwezi, ni kichekesho.

Tiba ninayoipendelea ni kuvuta mkondo kwa vipigo. Saketi ya pawabenki haihitaji kuona mzigo muda wote. Inatosha iuone kabla ya hesabu yake kuisha. Weka rezista ya omu 47 kutoka 5V hadi kolekta ya transista ya NPN kama 2N2222, emita kwenye GND, na besi kupitia rezista ya omu 330 hadi pini ya bodi inayotoa volti 3.3. Pini hiyo itatoa karibu miliampea 8, zinazotosha kuifungua transista kabisa. Sasa washa pini kwa nusu sekunde kila baada ya sekunde 10: wastani wa upotevu unashuka kutoka miliampea 106 hadi takriban 5.

Namba hizo mbili, urefu wa kipigo na nafasi kati ya vipigo, hazifanani kwa pawabenki zote, na zinatafutwa kwa mpangilio huu. Kwanza pima kwa saa muda wa kujizima wa pawabenki yako bila mzigo. Weka nafasi ya nusu ya muda huo, na kipigo kirefu cha sekunde moja. Ikikaa usiku kucha, anza kupunguza kipigo: milisekunde 500, 200, 100. Kuna mahali itaanza tena kuzimika, kwa kuwa saketi nyingi hupima mkondo kwa vipindi na kipigo kifupi mno kinapita katikati ya vipimo viwili bila kuonekana. Rudi hatua moja juu ya hapo, uongeze kidogo kwa usalama. Kipigo kisipoonekana hata kikiwa kirefu, punguza rezista hadi omu 33, lakini angalia joto lake na uwezo wa transista.

Ukitumia usingizi mzito kuna jambo la kukumbuka: bodi iliyolala haitoi kipigo. Itabidi iamke, ipige, ilale tena. Kuamka bila kuwasha Wi-Fi si ghali. Ni kuwasha redio kunakokula chaji. Wengine huikabidhi kazi hiyo saketi ya pembeni yenye 555, chipu ya kuhesabu muda. Hapo chagua aina ya CMOS, maana NE555 ya kale inakula miliampea kadhaa hata ikiwa haifanyi lolote.

Haiwaki hata kidogo

Bonyeza kitufe cha pawabenki kwanza. Si mzaha: nyingi hugundua simu kwa kuhisi mkondo wake unapoanza, na bodi ndogo haivuti kiasi cha kuiamsha.

Kama kitufe hakisaidii na unatumia kebo yenye USB-C pande zote mbili, kisa ni kingine kabisa. Tundu la USB-C halitoi volti 5 mpaka lione rezista za kilo-omu 5.1 upande wa kifaa, moja kwenye kila pini ya CC, zinazoliambia kwamba kuna kifaa kinachohitaji umeme. Bodi nyingi za bei nafuu zina tundu la USB-C lisilo na rezista hizo. Matokeo yake bodi inawaka kwa kebo ya USB-A kwenda C, lakini kwa C kwenda C inakaa kimya kama imeungua. Tiba ya haraka ni kutumia tundu la USB-A la pawabenki. Tiba ya kudumu ni kuchomelea rezista mbili. Nimesema mbili: usiunganishe pini za CC1 na CC2 kwenye rezista moja. Hata Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa na kosa hilohilo, na chaja zilizotumia kebo zenye chipu ya utambulisho ndani yake ziliichukulia kuwa kifaa cha sauti, zikakataa kuipa umeme, hadi ubao uliporekebishwa.

Pawabenki iliyowahi kupigwa shoti au kuvutwa mkondo mkubwa mno nayo hufunga tundu na kugoma kufungua. Chomoa kila kitu, ichomeke kwenye chaja kwa dakika chache. Kwa kawaida hurudi.

Inawaka, kisha inaanza upya na kuanza upya

Hapa pawabenki haijafunga. Volti zinashuka kwa muda mfupi, bodi inapoteza fahamu, inaamka, inafika palepale, inaanguka tena. ESP32 hukwambia waziwazi kwenye dirisha la mawasiliano: "Brownout detector was triggered", yaani imegundua volti zimeshuka mno. Raspberry Pi huonyesha alama ya radi kwenye skrini volti zikishuka chini ya 4.63. Arduino haisemi lolote. Utaona tu programu inarudi mwanzo.

Mshukiwa wa kwanza ni kebo. Kebo nyembamba za kuchajia nyingi zina waya wa 28 AWG (kipimo cha unene; namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba), wenye ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ni omu 0.43, bila kuhesabu viunganishi vilivyolegea. Vuta ampea 1 na umepoteza volti 0.43: pawabenki inatoa 5.0 kamili, bodi inapokea 4.57, na Raspberry Pi tayari inalalamika. Kebo ya urefu uleule yenye waya wa 24 AWG inapoteza chini ya volti 0.2. Fupisha kebo na utumie nene, kisha upime volti kwenye pini za bodi, si kwenye mdomo wa pawabenki, na uzipime wakati mradi unavuta mkondo wa kilele. Volti 5.1 zilizosomwa bila mzigo hazithibitishi chochote.

Mshukiwa wa pili ni kilele chenyewe. Wi-Fi ya ESP32 inapotuma inaweza kupita miliampea 240, na mtengenezaji wake anashauri chanzo cha angalau miliampea 500. Bodi nyingi zina reguleta (chipu ya kushusha volti) ya AMS1117, ambayo inahitaji zaidi ya volti moja juu ya zile inazotoa. Yaani ikipokea chini ya takriban volti 4.4, haiwezi tena kutoa 3.3 safi. Ukijumlisha kebo mbovu na kilele cha Wi-Fi, unafika hapo bila jasho. Kapasita (kijenzi kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 470 kati ya 5V na GND, karibu kabisa na bodi, inabeba vilele hivyo vifupi. Usiende mbali ukaweka ya mikrofaradi 10000: kapasita tupu kubwa inapowashwa huonekana kama shoti, na pawabenki inaweza kujilinda kabla mradi haujaanza.

Servo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe uliyoiagiza) na mota za kawaida ni habari nyingine. Servo ndogo iliyokwama inavuta mamia ya miliampea, mota inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na zote hurudisha kelele kwenye waya wa umeme. Zitenge: mota zipate umeme wake, bodi upande wake, GND ziwe za pamoja. Kwa kuwa pawabenki nyingi zenye matundu mawili zinayalisha kutoka saketi moja ndani, kutumia tundu la pili si kutenganisha kweli. Kwenye mota na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) weka dayodi ya kinyume; bila hiyo, kila rilei inapoachia inatupa kipigo cha volti kinachoweza kuizubaisha bodi hata umeme ukiwa wa kutosha.

Kuna kosa moja la kuunganisha ambalo dalili zake zinafanana na hizi. Pini ya VIN ya Arduino Uno inapita kwenye reguleta inayotaka volti 7 hadi 12. Ukiipa volti 5 za pawabenki hapo, bodi inabaki na volti 4 hivi au pungufu: taa inawaka, programu inaenda, vihisi vinatoa majibu ya ajabu. Volti 5 ziingie kwa USB au kwa pini iliyoandikwa 5V. Na ukishaziingiza kwa pini ya 5V, usichomeke tena kebo ya kompyuta kabla ya kutoa pawabenki, kwa sababu vyanzo viwili vya umeme vinaweza kuanza kusukumana.

Raspberry Pi 5 inahitaji neno lake. Inataka volti 5 kwa ampea 5. Pawabenki iliyoandikwa wati 65 haimaanishi inatoa ampea 13 kwenye volti 5; nguvu hiyo inapatikana kwenye volti 20, na kwenye volti 5 nyingi huishia ampea 3. Pi itawaka, lakini itabana matundu yake ya USB hadi miliampea 600 kwa jumla, na diski uliyoichomeka itakufa kila ikiguswa. Huo ni mgao uliopangwa, usiende kununua diski nyingine.

Inaanza upya chaja au kifaa kingine kinapochomekwa

Pawabenki yenye matundu kadhaa ikipokea kifaa kipya hupanga upya mgao wa nguvu, na wakati wa kupanga hukata matundu yote kwa muda mfupi. Hali ileile hutokea unapochomeka au kuchomoa chaja ya pawabenki yenyewe wakati mradi unaendelea. Nyingine hazitoi umeme kabisa zikiwa zinachajiwa. Mtu anayetaka kuitumia kama akiba ya umeme unapokatika ajaribu hilo kabla ya jingine lolote: chomeka, chomoa, mara kadhaa, ukitazama kama bodi inaanza upya. Kapasita inaweza kuokoa bodi ndogo kwa mkatiko wa milisekunde chache tu. Kwa Raspberry Pi, ambayo kila kuzimika ghafla ni hatari kwa kadi yake ya kumbukumbu, nunua kifaa kilichoundwa kuwa UPS, yaani akiba ya umeme isiyokatika.

Chaji inakwisha mapema kuliko hesabu

Mara nyingi hesabu ndiyo iliyokosewa. Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, tuseme mAh 10000, ni ya seli za ndani zenye volti 3.7. Hiyo ni wati-saa 37. Kwenye volti 5, wati-saa 37 ni mAh 7400, na saketi ya kupandisha volti inakula sehemu yake; kwa ufanisi wa asilimia 85 unabaki na kama mAh 6300. Mradi wa wastani wa miliampea 80 utakaa karibu saa 79. Aliyegawanya 10000 kwa 80 alitarajia saa 125, na atasema ameibiwa siku mbili. Geuza pawabenki usome maandishi madogo. Mara nyingi uwezo wa kweli wa volti 5 umeandikwa hapo.

Kwa mizigo midogo kuna mlaji mwingine: pawabenki yenyewe. Saketi ya kupandisha volti ikiwa wazi inatumia umeme hata bila mzigo. Tuseme inavuta miliampea 10 kutoka kwenye seli: mAh 10000 zitakwisha kwa saa 1000, siku 41 hivi, hata kama mradi wako hauli kitu. Ongeza taa ya bodi, chipu ya USB na AMS1117, ambayo peke yake inakula karibu miliampea 5 muda wote, na utaona kwa nini chipu inayolala kwa mikroampea 10 inaishia kwenye bodi inayolala kwa miliampea kadhaa. Kung'oa taa ya LED ya bodi ni kazi ya dakika moja yenye faida ya kweli. Kuhangaika kupunguza mikroampea kwenye programu wakati hao wengine wapo, hapana.

Kisha kuna uongo mtupu. Seli kubwa ya kawaida ya 18650 (seli ya lithiamu yenye umbo la mcheduara) ina takriban mAh 3500 na uzito wa gramu 45 hadi 50. Pawabenki ya mAh 20000 inahitaji seli sita za aina hiyo, yaani karibu gramu 280 za seli pekee. Seli bapa za polima hazibadilishi picha hiyo sana. Ukiona mAh 30000 kwenye kifaa chepesi kuliko simu, mizani imeshasema. Ukitaka uhakika, ijaze, ipe mzigo wa nusu ampea bila kukatiza mpaka ijifunge, na usome wati-saa kwenye mita ya USB.

Vipimo vya vihisi vinarukaruka

Kihisi kilekile kilitulia kwenye kompyuta, na sasa namba zinacheza. Vyanzo ni viwili na huchanganywa. Cha kwanza: Arduino Uno hulinganisha vipimo vyake vya analogi na volti 5 zenyewe. Pawabenki ikishuka kutoka 5.1 hadi 4.8, kipimo kinapanda bila kihisi kuguswa. Tumia rejeleo (volti ya kulinganishia) la ndani la ATmega328P, chipu kuu ya Uno, la volti 1.1, ukipunguza ishara ya kihisi kwa rezista mbili ili isilizidi.

Cha pili ni kelele ya saketi ya kupandisha volti. Kwenye mzigo mdogo nyingi huacha kufanya kazi mfululizo na kutoa umeme kwa mafungu. Mafungu hayo yanaonekana kama mawimbi kwenye 5V, na kwenye miradi ya sauti unayasikia kama mlio mwembamba. Koili ndogo ya mikrohenri 100 kwenye waya wa 5V ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 100 hupunguza sana. Kwenye programu, chukua vipimo 16 au 32, tafuta wastani, na usipime Wi-Fi ikiwa inatuma.

Kuhusu volti za juu

Chaji ya haraka haina hatari kwa bodi isiyoomba: tundu linakaa volti 5 mpaka kifaa kijadiliane nalo. Hatari ni vile vibao vidogo vinavyoomba volti 9, 12 au 20 kwa niaba yako. Swichi yake ikiwa mahali pasipo, bodi haina nafasi ya pili. Pima kwa multimita kabla ya kuunganisha, kila mara.

Mradi wa nje unakufa mchana au haufufuki asubuhi

Boksi lililofungwa juani linapanda joto kupita hewa ya nje, na seli za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa juu ya nyuzi 45 za selsiasi wala chini ya 0. Saketi ya ulinzi inafunga, jioni inarudi, nawe unalaumu Wi-Fi. Weka pawabenki kivulini, boksi liwe jeupe na lipitishe hewa. Iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa; ipeleke panapokusanywa betri chakavu.

Paneli ndogo ya sola iliyounganishwa moja kwa moja na pawabenki inaleta ugonjwa wake. Wingu likipita, chaji inakatika na kurudi, na kila mara pawabenki inaweza kukata na mradi. Kibaya zaidi, ikiishiwa kabisa usiku, nyingi hazifungui tundu zenyewe jua likirudi, zinasubiri kitufe. Jaribu hili mezani kabla ya kupanda mti kufunga kifaa.

Inapofaa kuachana nayo

Kama mradi wako unalala zaidi ya asilimia 99 ya muda, kuibembeleza pawabenki isilale ni kazi isiyo na malipo. Unapandisha volti 3.7 hadi 5, kisha reguleta inazishusha hadi 3.3, na kila hatua inakula. Seli moja ya 18650, moduli ya kuchajia ya TP4056 yenye ulinzi, na reguleta yenye njaa ndogo vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Reguleta ya MCP1700 hutumia mikroampea 1.6 tu, ila mwisho wake ni miliampea 250; inafaa bodi isiyo na redio, na kwa ESP32 tafuta ya miliampea 500 au zaidi.

Moduli za TP4056 huja zimepangwa kuchaji kwa ampea 1, kiasi kikubwa mno kwa seli ndogo. Rezista yake ya kilo-omu 1.2 ikibadilishwa kwa ya kilo-omu 2, mkondo unashuka hadi takriban miliampea 580. Chipu hiyo huacha kuchaji mkondo unapofika sehemu ya kumi ya kiwango kilichowekwa, kwa hiyo mradi unaovuta miliampea 100 huku seli inachajiwa unaweza kuifanya isiache kamwe. Kihisi kinacholala hakina tatizo hilo. Kwa mradi usiolala, zima mzigo wakati wa kuchaji, au chagua moduli yenye njia tofauti za kulisha mzigo na kulisha seli.